Kalafati ya Alumini: Mjadala Nyuma ya Gereji

Kila aliyepita sekondari anaukumbuka mdahalo wa Ijumaa mchana: meza moja, kengele ya mtunza muda, upande wa kutetea, upande wa kupinga, na yule wa nyuma anayepiga makofi kabla hoja haijaisha. Nimeuazima utaratibu huo nikauhamishia nyuma ya gereji, Unga Limited, Arusha. Meza ni pipa. Kengele ni spana inayogongwa kwenye rimu ya gari. Mada yenyewe imelala kifudifudi juu ya matairi manne: boti ya alumini, urefu mita 4, upana mita 1.2, tumbo bapa, mabamba yake yameungwa kwa riveti na kupakwa rangi juu ya rangi. Mwenyewe anataka iende Ziwa Duluti, kule Tengeru. Inavuja.

Boti hiyo ni ya mfano, na wasemaji hawana majina, wana kazi tu. Nimewakutanisha kwenye karatasi kwa sababu mjini hapa kazi zao hupishana kila siku na hazikai meza moja. Mwenyekiti ni mimi. Mada inasomeka hivi: "Boti kuukuu ya alumini inayovuja haifai kuzibwa, ipelekwe mizani."

Upande wa mizani

KIJANA WA SKREPA: Mheshimiwa mwenyekiti, shikamoo Mzee, wengine habari za mchana. Natetea mada na sitawachelewesha. Alumini haifi. Mbao ikioza imekwenda. Chuma kikiliwa na kutu unabaki na vumbi jekundu. Alumini ukiiyeyusha inarudi kama ilivyozaliwa, na kuiyeyusha upya kunakula takribani asilimia 5 tu ya nishati inayotumika kuitoa kwenye mawe yake. Sasa mtu anakaa mwaka mzima anaziba tundu moja, yanafunguka mawili, na huku mafundi wa sufuria wanatafuta mali. Kilo ni kilo. Tupime, tugawane, twende nyumbani.

MAMA LISHE (ameshika upawa, amekuja kudai vyombo vyake): Hapo kwenye sufuria, chalii wangu, ngoja kwanza. Kwenye tanuru lako boti inaingia na nani? Inaingia na rangi zake zote hizo, na radieta ya lori, na vipande vya injini ambavyo hata wewe hujui vina nini. Halafu mimi nipikie watu humo?

MWENYEKITI: Mama anasema jambo lenye ushahidi. Wachunguzi katika nchi mbalimbali wamepima sufuria zilizomiminwa kienyeji kutoka kwenye skrepa mchanganyiko, na baadhi zilionekana kuachia risasi kwenye chakula. Bamba safi la boti ni mali nzuri. Likichanganywa ovyo linapoteza uzuri wake.

MZEE WA KALAFATI: Na mimi niseme kuhusu hilo neno "kuukuu". Kigoma kuna meli inaitwa Liemba. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaitwa Graf von Goetzen, ikaletwa vipande vipande na kuungwa upya kwa riveti ufukweni. Julai 1916, vitani, Wajerumani waliizamisha wenyewe, mashine wakiwa wameshazipaka grisi. Ilikaa chini ya Ziwa Tanganyika miaka kadhaa. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kubeba watu. Angekuwapo kijana wa mizani siku ile, leo tungekuwa na sufuria nyingi na meli hakuna.

KIJANA: Mzee wangu, Liemba ilikuwa mali ya serikali. Hii ni ya mtu mmoja, na mfuko wake una chini.

Spana ikagonga rimu. Hoja ya mfuko ni hoja halali, tutairudia.

Hoja ya moto

FUNDI WA KUCHOMELEA: Mheshimiwa mwenyekiti, wahenga walishamaliza: usipoziba ufa utajenga ukuta. Napinga mada, na dawa ya boti hii ni moto. Zamani mtu akikuletea alumini ulikuwa unamrudisha nayo, kwa sababu mashine tunayochomelea mageti na madirisha haiiwezi. Alumini ina ngozi. Ngozi hiyo, oksaidi, inataka zaidi ya nyuzi 2,000 ndipo iyeyuke, na nyama ya ndani inayeyuka kwenye nyuzi 660. Fundi asiyejua anangoja ngozi iyeyuke, kumbe nyama ishamwagika chini. Tena haikupi taarifa. Chuma kinakuwa chekundu kwanza. Hii inabaki na rangi ileile mpaka inaporomoka. Lakini siku hizi tuna mashine za mkondo geu na gesi ya argoni. Umeme unavunja ngozi, gesi inafukuza hewa, mimi nalaza mshono kama wa cherehani. Kila riveti inayovuja naipiga nukta. Hakuna gundi, hakuna porojo.

MZEE WA KALAFATI: Mwanangu, methali yako ni ya nyumba. Ukuta hausafiri. Mimi nimetoka Pangani, nimezeekea Tengeru kwa sababu ya ndoa, lakini mikono yangu bado ni ya pwani. Jahazi ni mbao zilizolala ubavu kwa ubavu, na kati ya mbao na mbao pana mshono. Tunachukua pamba, tunaisokota na mafuta, tunaishindilia kwa patasi butu na nyundo ya mti. Tunashindilia kutoka nje, maana maji yanasukuma kuingia. Juu yake tunatia deheni, chokaa na mafuta ya mnyama. Chombo kikishuka, mbao inakunywa, inavimba, inaibana ile pamba. Hiyo ndiyo kalafati. Na kwa nini hatukuweka kitu kigumu kama jiwe? Kwa sababu chombo kinainama. Wimbi likikipiga, taruma linapinda kidogo, mbao inasogea unene wa unywele, pamba inasogea nayo. Wazee wa Lamu walikuwa na mtepe, mbao zake zimeshonwa kwa kamba za makumbi, msumari hakuna, na ulivuka bahari. Kigumu hupasuka na wimbi la kwanza.

FUNDI: Samahani, Mzee, hoja yako inakuangusha wewe mwenyewe. Pamba yako inabanwa na mbao iliyovimba. Alumini hainywi maji. Utashindilia wapi?

MZEE: Haivimbi kwa maji. Inavimba kwa jua.

Hapo mwenyekiti aliomba karatasi, kwa kuwa jibu la Mzee linapimika. Alumini hurefuka sehemu 23 kwa kila milioni ya urefu wake kwa kila nyuzi moja ya joto. Chukua boti ya mita 4, ianze asubuhi ya Julai ikiwa na nyuzi 12, kisha iachwe juani mpaka bamba lifike nyuzi 42. Imerefuka karibu milimita 3. Chuma cha kawaida kingerefuka nusu ya hapo. Jioni inarudi ilipokuwa. Fanya hivyo kila siku kwa miaka ishirini, kisha jiulize riveti zinalegezwa na nini. Wakati boti imelala uani bila kuguswa na mtu, mishono yake ilikuwa kazini.

Hoja ya bawa

Msemaji wa nne anatoka uwanja wa ndege wa Arusha, kule Kisongo. Ni fundi wa ndege ndogo, msichana wa miaka thelathini, na ndiye pekee mezani ambaye kucha zake ni safi.

FUNDI WA NDEGE: Shikamoo Mzee. Kaka fundi, habari ya kazi. Mnaijua Caravan, ndege yenye injini moja inayopeleka watalii Serengeti. Bawa lake ni alumini iliyoungwa kwa riveti, kama boti hii. Sasa mafuta yanakaa wapi? Hakuna tangi lililowekwa ndani ya bawa. Bawa lenyewe ndilo tangi. Mafuta hayo ni ndugu wa mafuta ya taa, ambayo ninyi nyote mnajua yanavyopenya pale maji yanaposhindwa. Na bawa liko juu ya vichwa vya abiria. Mbona hayawadondokei?

FUNDI WA KUCHOMELEA: Mmechomelea kwa ndani.

FUNDI WA NDEGE: Hata nukta moja. Kati ya bamba na bamba, na juu ya mishono, kuna kiziba cha polisalfaidi. Kikikauka kinakuwa kama mpira na kinabaki hivyo miaka mingi. Bawa linapinda, nacho kinavutika. Mzee, hiyo ni kalafati yenu ikiwa angani.

Mzee hakusema kitu. Alisogeza kofia nyuma kidogo.

FUNDI WA NDEGE: Na wala boti hizi hazina ukoo wa mbali na ndege. Kampuni ya Grumman ya Marekani, iliyokuwa ikiunda ndege za kivita, ilianza kuuza mitumbwi ya alumini mwaka 1945, vita vilipokuwa vikimalizika. Bamba ni lilelile, riveti ni ileile, akili ni ileile. Mtu akiichomelea boti ya riveti anaitibu kwa dawa ya ugonjwa mwingine. Bamba la boti ya namna hii mara nyingi lina unene wa milimita moja na nusu hadi mbili na nusu. Nguvu yake imetokana na kubanwa kwa mitambo likiwa baridi, au kupikwa kwa kipimo kiwandani. Ukilichoma, ukanda wa pembeni mwa mshono unalainika. Riveti ya jirani inapanuka kwa joto, ikipoa imelegea. Unaziba moja, unaziamsha tatu. Na kati ya mabamba mawili kuna tope la miaka, grisi, gundi ya zamani. Moto ukifika vinachemka, mshono wako unajaa vitundu kama andazi.

FUNDI WA KUCHOMELEA: Hilo la vitundu nakubali. Limeshanikuta.

FUNDI WA NDEGE: Riveti iliyolegea haijafa. Inakazwa. Mmoja anakaa nje na chuma kizito amekiegemeza kwenye kichwa cha riveti, mwenzake yuko ndani anagonga mkia. Kazi hii huifanyi peke yako, na mnaelewana kwa kugongeana. Mapigo mawili matatu yanatosha. Ukipiga kumi unaupasua mkia au unalitanua tundu. Iliyokatika au kuliwa, itoboe kwa keekee, safisha tundu, weka nyingine nene zaidi kidogo, ya alumini, nzima, isiyo na uwazi katikati. Ile ya dukani inayovutwa kwa koleo, yenye tundu katikati, ni bomba: umeziba uvujaji kwa kuweka mfereji. Na kile kipande cha chuma kinachobaki ndani yake kitaota kutu. Ikibidi kuvuta kwa sababu ndani hapafikiki, tafuta ile iliyozibwa mwisho, uichovye kwenye kiziba kabla ya kuiingiza.

KIJANA WA SKREPA: Dada, boti hii ina riveti mamia. Utagonga zote? Ndiyo maana mimi nasema mizani.

Maji yanaingia ndani

Swali la kijana ndilo lililougeuza mdahalo. Mpaka hapo watu watatu walikuwa wametaja dawa tatu, na hakuna aliyeuliza mgonjwa anaumwa wapi. Kwa hiyo mwenyekiti aliahirisha hotuba na kuagiza jaribio.

Kwanza boti inavuliwa nguo: sakafu inatoka, godoro la kuelea linatoka, vyuma vya makasia vinatoka. Waswahili husema mficha uchi hazai. Chini ya sakafu ya boti kuukuu ndipo siri ilipo: majani yaliyooza, tope lisilokauka, na godoro lililokunywa maji mpaka likawa zito kama maiti. Alumini huishi kwa kuota ngozi yake upya inapopata hewa. Ikifunikwa na tope bichi miaka mingi haipati hewa, na huanza kuliwa kwa vishimo, kila kishimo kikiwa na unga mweupe mdomoni.

Wasemaji waliongeza walichokiona. Fundi wa ndege alionyesha sakafu iliyotengenezwa kwa mbao za dawa, zile zinazotumika kwenye kenchi na nguzo. Dawa nyingi za namna hiyo zina shaba, na shaba ikikutana na alumini mahali penye maji, alumini ndiyo inayoliwa. Kipande cha waya wa shaba kikiangukia kwenye ngama na kusahaulika kinaweza kutoboa bamba. Boliti za shaba nyeupe au za chuma cha pua nazo hazikai na alumini bila kitu cha kuzitenganisha. Fundi wa kuchomelea alibonyeza kila kishimo kwa ncha ya bisibisi. Mahali ilipozama, palichorwa duara.

Ndipo maji. Boti ikageuzwa, ikaegemezwa chini ya mkuku na chini ya kila taruma. Sentimita 10 za maji ndani ya boti ya mita 4 kwa mita 1.2 ni lita 480, na lita 480 ni kilo 480. Tumbo likiachwa linaning'inia, unavunja ulichokuja kutengeneza. Jaza kidogo kidogo. Ukimwaga yote mara moja, maji hutoka kwenye riveti moja, yakatambaa chini ya mkuku, yakadondoka nusu mita mbele, nawe ukaweka alama mahali pasipo na hatia. Kausha kwa kitambaa, ngoja, tazama tone linapozaliwa, si linapoangukia. Weka alama kwa kalamu ya wino, maana chaki itaoshwa.

MZEE: Bado. Hapa imelala kitandani, haina mawimbi. Kuna matundu yanayofumba macho chombo kikitulia. Wewe kijana, bonyeza ubavu kwa goti, taratibu. Wewe shika ubao wa tezi, utikise kama injini inavyoutikisa.

Kijana wa skrepa akaweka goti. Riveti mbili zilizokuwa kavu zikatoa jasho.

Kati ya mamia aliyoyahofia, zilizovuja zilihesabika kwa vidole vya mikono na miguu, nyingi zikiwa kando ya mkuku na kwenye pembe ya ubao wa tezi. Mabadiliko yakatokea mezani hapo hapo: aliyekuwa upande wa mizani akaomba kalamu aendelee kuweka alama.

Kila tundu na dawa yake

Baada ya alama, mabishano yalipungua ukali. Riveti zilizolegea ni za kukazwa, na zilizokatika ni za kubadilishwa. Palipoliwa vishimo hadi upande wa pili, pakatwe kiraka cha bamba la jamii ileile, pembe zake za mviringo ili zisianzishe ufa, kiziba laini kati ya bamba na bamba, kisha riveti. Panapo ufa, toboa tundu dogo kwenye ncha zake zote mbili kabla ya jambo lolote. Ufa hukimbia ukiwa na ncha kali. Ukikutana na duara unakosa pa kushika. Baada ya hapo kiraka, au moto.

FUNDI WA KUCHOMELEA: Kwa hiyo moto umerudi?

FUNDI WA NDEGE: Umerudi pale unapostahili. Boti iliyozaliwa kwa kuchomelewa, itibiwe kwa kuchomelewa. Na kwenye hii, kona ile nene ya tezi iliyokatika ni yako, mbali na riveti. Ila brashi yako iwe ya chuma cha pua, na isiwe imewahi kugusa mageti. Ukisugua alumini kwa brashi iliyotoka kwenye chuma, umeipaka kutu kwa mkono wako.

Sasa dukani. Hapa ndipo wengi huanza, na ndipo mwenyekiti alipotaka pawe mwisho. Muuza vifaa atakuwekea mezani vitu vitano. Puti ya gari haifai chini ya maji. Inakunywa, inapasuka, na inakuficha ukweli mpaka uko katikati ya ziwa. Lami inalainika juani, inahama, na siku ukitaka kupaka kitu cha maana hakitashika juu yake. Gundi ya epoksi ya mirija miwili ni nzuri kwa vishimo na kwa kupaka juu ya mishono iliyokwisha kukazwa, lakini ni ngumu, na tumeshaona milimita 3 za kila siku zinafanya nini kwa kitu kigumu kilichowekwa peke yake. Kiziba cha poliuretheni kinachobaki laini ndicho cha kati ya mabamba na cha kupaka kwa nje.

MAMA LISHE: Na ile silikoni ya bafuni? Mume wangu aliziba nayo dirisha. Ilinuka siki nyumba nzima.

FUNDI WA NDEGE: Pua yako imeshatoa hukumu, mama. Ile inayonuka siki inatoa asidi ya siki inapokauka, na asidi hiyo inauma chuma. Tena inaacha mafuta ambayo hakuna rangi wala gundi nyingine itakayokubali kushika. Hata mtu akija kukutengenezea vizuri baadaye, ataanza kwa kukulaani.

Chochote utakachochagua, kinashika mahali safi tu. Rangi itoke, grisi itoke, msasa upite, na upake siku hiyohiyo, kwani ngozi ya alumini inaanza kurudi mara tu unapoinua msasa. Rangi ya mwisho ya tumbo isiwe ya shaba, hata kama muuzaji ataisifu kuwa inazuia ukoga.

Sufuria ya makande

Nilidhani tumemaliza. Mama Lishe alikuwa amekwisha kukusanya vyombo, akasimama.

MAMA LISHE: Mwenyekiti, niulize mimi nisiye fundi. Nikipika makande nikatia magadi yaive upesi, sufuria inakuwa nyeusi ndani. Nikipika nyanya siku ya pili, inang'aa kama mpya. Kwa nini?

FUNDI WA NDEGE: Kwa sababu ngozi ya alumini inapenda maji ya katikati. Takribani kati ya pH 4 na 8.5 inatulia. Ukivuka kwenda kwenye magadi, ngozi inayeyuka na nyama inabaki wazi. Nyanya ina asidi kidogo, inaondoa ule weusi tu.

MAMA LISHE: Basi niambieni, hiyo boti inakwenda ziwa gani?

Nilinyamaza kidogo kabla ya kujibu. Sisi tulioulizana habari za riveti, argoni na pamba tulikuwa na Mlima Meru mbele ya macho, mita 4,566, na hatukuutazama. Mlima huo una maji ya tabia mbili. Duluti ni ziwa la kreta karibu na soko la Tengeru, limezungukwa na msitu, na si ziwa la magadi. Upande mwingine, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, yako maziwa ya Momella, ambako watalii hupanda mitumbwi kwenye Momella Ndogo. Maziwa hayo ni ya magadi, na flamingo huyafuata kwa ajili ya vijimea na vijidudu vinavyostawi humo. Boti ileile, iliyokazwa na mafundi walewale, ina umri mmoja Duluti na umri mwingine Momella. Ukiiacha imelala majini Momella umeitia kwenye sufuria ya Mama ukafunika.

Hukumu

Mada imeanguka, lakini aliyeitetea hakuondoka mikono mitupu: mabaki ya bamba, riveti zilizotolewa na kona iliyokatika ni zake, safi na bila radieta. Hoja yake ya mfuko nayo imepata jibu. Riveti chache na mikebe miwili ya kiziba hugharimu zaidi ya lami, na hugharimu mara moja.

Fundi wa kuchomelea apewe kona ya tezi, asipewe riveti. Fundi wa ndege na Mzee wa kalafati waandikwe upande mmoja, kwa sababu pamba ya Pangani na bawa la Kisongo vinasema neno lilelile: panapounganishwa vitu viwili vinavyosogea, kati yake pakae kitu kinachokubali kusogea. Lakini hicho kitu hakibebi chombo. Mbao na riveti ndizo zinazobeba. Kiziba kinazuia maji tu. Anayeanza na kiziba anataka gundi ifanye kazi ya riveti, na gundi haiwezi.

Kwa hiyo utaratibu ni huu: vua, kagua, jaza maji kidogo kidogo, weka alama, kaza, badilisha, tia viraka, ndipo uzibe, na kuziba kuwe kazi ya mwisho. Godoro la kuelea lililotupwa lirudishwe jipya, lisilonywa maji, kwa sababu alumini ni nzito kuliko maji karibu mara tatu, na boti iliyojaa bila godoro huenda chini kama sufuria iliyotumbukia kisimani. Kabla ya kumpakia mtoto wa mwenzako, ikaguliwe na wanaohusika na usalama wa vyombo vya majini, na kila kichwa kivae jaketi la kujiokolea.

Mwenyekiti anaongeza sharti moja, na linatoka kwa Mama Lishe. Boti hii iende Duluti, ikimaliza kazi ipandishwe, igeuzwe, ikauke. Momella isipelekwe.

Kikao kimefungwa. Makande yako mezani.